Nyumba Moja, Njia Mbili

Wanandoa wanaohamia mji mgeni wakiwa na kazi mbili hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: nyumba iwe upande wa nani? Mtu asiye na mwenza hutafuta chumba karibu na kazini na suala likaisha. Kwa watu wawili, hatua inayomsogeza mmoja karibu na kazi yake huweza kumsukuma mwingine mbali na yake. Jibu lao huamua nani aamke kabla ya adhana ya alfajiri, nani amkute mtoto yu macho, kiasi gani cha mshahara kiishie kwenye nauli na, mwili ukishachoka, kazi ya nani iachwe.

Maelezo haya yamejengwa juu ya kumbukumbu za familia moja iliyohama kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2017. Mume alipata kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha Kurasini, jirani na bandari. Mke, ambaye ni muuguzi, aliajiriwa katika hospitali moja ya binafsi Tegeta. Walipanga nyumba tatu ndani ya miaka minne kabla ya kutulia. Makosa yao ni ya kawaida, hufanywa kila mwezi na watu wenye akili timamu wanaopendana, na ndiyo maana yanafaa kuelezwa kwa utaratibu.

Umbo la mji

Safari za Dar es Salaam hazieleweki bila kulielewa umbo la mji wenyewe. Barabara kuu nne hutoka katikati ya mji kama vidole vinavyotoka kwenye kiganja: ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, ya Morogoro kuelekea magharibi, ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege na Pugu, na ya Kilwa kuelekea Mbagala upande wa kusini. Kiganja chenyewe kiko kando ya bahari: Posta, Kivukoni, Kariakoo na bandari. Vidole hivyo huunganishwa na barabara chache za kukatiza, hasa Kawawa kwa ndani, na Mandela pamoja na Sam Nujoma kwa nje.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Sehemu kubwa yao huingia kwenye kiganja asubuhi na kutoka jioni. Kwa hiyo mtu anayeishi na kufanya kazi kwenye kidole kimoja hana njia sawa na yule anayeishi kwenye kidole kimoja na kufanya kazi kwenye kingine. Huyu wa pili lazima apite kiganjani au avuke kwa barabara za kukatiza, ambako magari yote yenye shida kama yake hukutana. Kurasini na Tegeta ziko kwenye vidole viwili tofauti, kimoja kusini na kingine kaskazini, zikitengwa na mji mzima.

Nyumba ya kwanza: karibu na mshahara mkubwa

Mume alitangulia Dar es Salaam wiki mbili kabla ya mke, naye akatafuta nyumba peke yake. Mshahara wake ulikuwa mkubwa zaidi, na hilo lilitosha kuwa hoja. Alipata vyumba viwili na sebule Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa. Alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kodi ya mwezi mmoja zaidi kwa dalali, kama ilivyo desturi ya mji. Safari yake ya kwenda kazini ilikuwa dakika 20.

Safari ya mke ilizidi kilomita 25. Zamu ya asubuhi ilianza saa 1:30, hivyo alitoka nyumbani saa 11 alfajiri, akapanda daladala hadi Mwenge na kuunganisha gari la Tegeta. Asubuhi aliweza kufika kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Kurudi kulikuwa kuzito zaidi. Jioni daladala zilifika vituoni zikiwa zimejaa, naye akajifunza kugeuza nalo kama wenyeji: kupanda gari likiwa bado linaelekea mwanzo wa safari, ili likigeuza awe amekwishapata kiti. Kiti hicho hulipiwa nauli mara mbili.

Kwa zamu tano kwa wiki, mke alitumia takriban saa 25 barabarani, yaani zaidi ya mchana mmoja na usiku wake. Siku za zamu ya jioni, inayomalizika saa 3 usiku, hakurudi kabisa. Alilala kwa muuguzi mwenzake Tegeta. Mwezi wa nne aliandika barua ya kuacha kazi na kuiweka kwenye mkoba. Hakuitoa, lakini barua ile ndiyo iliyowafanya wakae chini kwa mara ya kwanza kuzungumza juu ya nyumba kama jambo la wote wawili.

Kosa la nyumba hii lina sura mbili. Ya kwanza ni kuufanya mshahara mkubwa kuwa kura ya kukata shauri. Mshahara hueleza kazi ipi inaleta fedha zaidi. Hauelezi ni kazi ipi haiwezi kusubiri. Ofisi ya forodha ingeweza kuvumilia karani aliyechelewa robo saa, lakini muuguzi wa zamu ya usiku haondoki wodini mpaka wa asubuhi afike kupokea wagonjwa. Sura ya pili ni imani kwamba nyumba nafuu hufidia safari ndefu. Wachumi wawili wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, waliipima imani hiyo kwa takwimu za Ujerumani katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008. Kwa nadharia, anayesafiri mbali anapaswa kuwa amefidiwa kwa kodi ndogo au mshahara mzuri zaidi, na hivyo asiwe na dhiki kuliko mwenzake. Takwimu zilionyesha kwamba fidia hiyo haitoshi: wenye safari ndefu waliridhika na maisha yao kidogo kuliko wenye safari fupi.

Nyumba ya pili: katikati ya ramani

Kodi ya miezi sita ilipokwisha, wanandoa hao walichukua ramani na kutafuta mahali palipo katikati ya Kurasini na Tegeta. Kidole kiliangukia Sinza. Wazo lilikuwa la haki: kila mmoja asafiri nusu. Dalali aliwahakikishia kwamba kutoka hapo hadi Mwenge ni pua na mdomo, na kwa umbali alisema kweli.

Matokeo hayakugawanyika nusu kwa nusu. Mke alikuwa sasa anasafiri kinyume na mkondo. Asubuhi umati ulikuwa ukiingia mjini, yeye akitoka. Daladala za kwenda Tegeta zilikuwa na viti, na alifika kwa dakika 40. Mume aliangukia njia mbaya kuliko zote kwa wakati ule. Alipita Sam Nujoma, akavuka Ubungo, kisha akashuka na Mandela hadi bandarini pamoja na malori ya makontena. Makutano ya Ubungo yalikuwa katika ujenzi wa barabara za juu, zilizofunguliwa Februari 2021, na yale ya Tazara vilevile, ambako daraja la Mfugale lilifunguliwa Septemba 2018. Siku njema alitumia saa moja na nusu kwenda. Siku ya mvua hakuna aliyeweza kukisia.

Hapo wakajifunza kwamba katikati ya ramani si katikati ya muda. Kilomita moja ya kuingia mjini asubuhi haina uzito sawa na kilomita moja ya kutoka. Kilomita moja ya barabara ya malori haina uzito sawa na ile ya magari madogo. Makutano mamoja yanaweza kula muda wa kilomita tano. Mji wenye mkondo mkubwa wa upande mmoja humpa nafuu yule ambaye kazi yake iko pembezoni, hivyo mwenza huyo anaweza kukaa mbali zaidi kwa kilomita bila kupoteza muda mwingi.

Nyumba hii iliwafunza pia tofauti kati ya safari ndefu na safari isiyotabirika. Mtu anayejua kwamba atatumia saa moja na dakika kumi kila siku hupanga maisha yake kuzunguka muda huo. Mtu ambaye leo anatumia dakika 60 na kesho 130 hulazimika kutoka kila siku kana kwamba ni 130, na akifika mapema hukaa bure kwenye ngazi za ofisi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, yaliwavuta wapangaji wengi kwenye Barabara ya Morogoro kwa sababu hiyo: mabasi hayo yana njia yake yenyewe, nayo huwapunguzia abiria kubahatisha. Hata hivyo, mvua kubwa zinapojaza maji bonde la Msimbazi pale Jangwani, huduma hukatika, na aliyetegemea njia hiyo pekee hukwama.

Daftari

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 2019, na hesabu yote ikabadilika. Swali halikuwa tena nani anafika kazini lini. Likawa: ni nani yuko nyumbani, saa ngapi, akiwa na nguvu kiasi gani. Kabla ya kutafuta nyumba ya tatu, wanandoa hao walifungua daftari. Kwa wiki mbili kila mmoja aliandika saa ya kutoka mlangoni, saa ya kuingia kazini, saa ya kutoka kazini na saa ya kufika mlangoni. Kando yake waliandika saa ambazo wote watatu walikuwa nyumbani wakiwa macho.

Namba za safu ile ya mwisho ziliwashtua. Siku nyingi ilikuwa ni saa moja. Siku nyingine haikuwepo kabisa, kwa kuwa mume aliondoka mtoto akiwa amelala na kurudi amelala. Safu hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chao tangu siku ile, na ndiyo funzo kuu la kumbukumbu hizi: nyumba ya watu wawili haipimwi kwa umbali wa mmoja mmoja, bali kwa muda unaowaachia kuwa pamoja. Dakika zinazookolewa barabarani zina thamani pale tu zinapoangukia wakati ambao mwenza au mtoto yupo kuzipokea.

Daftari lilifichua jambo jingine. Mume alipotoka saa 11:30 alfajiri, safari yake ilipungua karibu nusu. Alikwenda kumwomba msimamizi wake aanze kazi saa 1 na kuondoka saa 9 alasiri, akaeleza kwamba angeandaa nyaraka za mizigo kabla wateja hawajafika. Ombi lilikubaliwa kwa majaribio ya mwezi mmoja, kisha likawa utaratibu. Muuguzi hakuweza kuomba kitu kama hicho, kwa kuwa zamu hupangwa na wodi. Kwa hiyo kabla ya kuihamisha nyumba, inafaa kuuliza kama saa za kazi za mmoja zinaweza kuhamishwa. Kuhamisha saa hakumdai mtu kodi ya miezi sita.

Nyumba ya tatu: mahali penye njia mbili

Nyumba ya tatu ilikuwa Kawe. Kwa mke, Tegeta ilikuwa dakika 25, na alipotoka zamu ya jioni usiku, njia ilikuwa fupi na yenye watu. Kwa mume, Kurasini ilikuwa mbali kwa kilomita kuliko walivyowahi kukubali, lakini kwa saa zake mpya alifika kwa saa moja na dakika kumi, na jioni alikuwa nyumbani saa 10:30. Ndiye aliyempokea mtoto kutoka kwa dada wa kazi siku ambazo mama yake alikuwa zamu.

Sifa ya Kawe iliyowavuta zaidi ilikuwa njia zake. Iko kati ya Barabara ya Bagamoyo na ya Mwai Kibaki, ambayo hupita Mikocheni hadi Morocco. Moja ikifungwa kwa ajali au ujenzi, nyingine ipo. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, likapatikana chaguo jingine la kuingia mjini kwa kupita ufukweni. Baadaye ujenzi wa njia za mwendokasi ulipobana Barabara ya Bagamoyo, familia hiyo iliendelea na maisha kwa kubadili njia, huku wapangaji wa maeneo yenye barabara moja tu wakikosa la kufanya. Mahali penye njia mbili pana thamani kuliko mahali penye njia moja iliyo fupi.

Kodi ya Kawe ilizidi ya Sinza. Waliilinganisha na nauli za kugeuza nalo, bodaboda za dharura na chakula cha barabarani, kisha na gharama ya kuhama mara mbili: dalali mara mbili, lori mara mbili, mapazia yasiyotosha madirisha mapya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa kikubwa kuliko tofauti ya kodi.

Haki kati ya wawili

Wanandoa wengi huitafuta haki katika dakika zinazolingana. Ni kipimo rahisi, lakini si sahihi kila mara. Dakika 60 za mtu aliyekaa kitini akisoma hazilingani na 60 za aliyesimama mlangoni akishikilia bomba. Dakika 60 za saa 12 asubuhi hazilingani na 60 za saa 4 usiku kwa mwanamke anayetembea peke yake kutoka kituoni. Na dakika za mtu ambaye, akifika, anaanza kupika, kuogesha na kufua, huongezwa juu ya kazi nyingine inayomsubiri.

Suala hili la mwisho limeandikwa tangu zamani. Mchumi wa Marekani Janice Madden alichapisha mwaka 1981 utafiti wa sababu zinazowafanya wanawake kufanya kazi karibu na nyumbani kuliko wanaume, na majukumu ya nyumbani yalikuwa miongoni mwake. Kazi ya karibu mara nyingi si kazi bora. Ni kazi inayoruhusu kuwahi kupika. Kwa hiyo wanandoa wanaogawana safari bila kugawana kazi za nyumbani wamegawana nusu tu ya mzigo. Katika familia hii, mume kurudi saa 10:30 kulikuwa na maana kwa sababu aliingia jikoni. Angerudi na kukaa kibarazani, nyumba ya Kawe isingetofautiana sana na ya Mtoni.

Safari ndefu huugusa pia uhusiano wenyewe. Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi alionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za wanandoa wa nchi hiyo, kwamba waliosafiri mbali kwenda kazini walikuwa na hatari ya kutengana iliyozidi ya wengine kwa asilimia 40. Barabara haivunji ndoa peke yake; huondoa muda ambao ndoa hutengenezewa.

Kiwanja

Jijini Dar es Salaam, kupanga mara nyingi ni hatua ya kuelekea kujenga, na hapo kosa la mahali huwa la miaka mingi. Familia hii ilishawishika kununua kiwanja Kigamboni baada ya daraja la Nyerere, lenye mita 680, kufunguliwa Aprili 2016. Kwa mume, Kurasini ingekuwa ng'ambo tu ya daraja. Kwa mke, Tegeta ingekuwa mbali kuliko hata ilivyokuwa kutoka Mtoni, na kila siku ingeanza kwa kuvuka maji, kwa daraja au kwa kivuko.

Waliacha, na sababu waliyojipa inafaa kwa wengine. Kazi hubadilika kuliko nyumba. Anayejenga kwa kuifuata ofisi moja ya mwenza mmoja anaifunga familia kwenye jambo ambalo laweza kwisha kwa barua ya ukurasa mmoja. Kiwanja kinachofaa watu wawili ni kile kinachofikia sehemu nyingi za mji, hata kama si karibu na kazi yoyote ya leo.

Pale nyumba moja isipowezekana

Baadhi ya safari haziwezi kutatuliwa kwa kuhamia mtaa mwingine. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, maelfu ya watumishi waliifuata, na wengi wao walikuwa na wenza wenye kazi au biashara Dar es Salaam. Watumishi wa umma wana njia ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, lakini mwenye duka Kariakoo hana pa kuombea. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya mwaka 2024 ilipunguza safari hiyo hadi chini ya saa nne. Kwa familia za namna hii swali hubadilika na kuwa wapi pa kulea watoto. Jibu hupatikana kwa kutazama ni mwenza yupi mwenye saa za kazi zinazotabirika na ndugu wa karibu wa kumsaidia.

Utaratibu wa kuamua

Yaliyojifunzwa katika nyumba tatu yanaweza kupangwa kwa mfuatano. Kwanza, wote wawili waitafute nyumba pamoja. Kama mmoja ametangulia, apange chumba cha muda au akae kwa ndugu hadi mwenzake afike. Pili, iandikwe ni kazi ipi ina saa zisizobadilika, na ni nani anayeweza kuomba saa nyingine. Tatu, kila mmoja aisafiri njia yake halisi siku ya Jumatatu, kwenda na kurudi, kwa usafiri atakaoutumia, kabla shilingi moja haijalipwa. Nne, mahali penye njia mbili patangulizwe. Tano, kazi za nyumbani zigawanywe upya pamoja na safari. Sita, kodi ilipwe kwa muda mfupi zaidi ambao mwenye nyumba atakubali, mpaka mvua za masika zipite na njia ijulikane tabia yake.

Mwisho, uamuzi huo haufanywi mara moja. Barabara mpya hufunguliwa, mtoto huanza shule, ofisi huhama. Familia ya Kawe hulifungua daftari kila kodi inapokaribia kwisha, huandika tena kwa wiki mbili, na hutazama kwanza ile safu ya mwisho.